Uchambuzi wa Kisa: Kuchagua Rejeta ya Land Cruiser ya Zamani Inayopanda Ngorongoro

Usuli

Kisa hiki kinahusu Toyota Land Cruiser ya familia ya 70 iliyotengenezwa miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli ya 1HZ: silinda sita, ujazo wa lita 4.2, bila turbo. Gari lilikuwa limerefushwa na kuwekewa paa la kufunguka kwa ajili ya watalii, na lilikuwa likifanya safari za Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na mara chache Ziwa Natron. Majina ya mmiliki, dereva na gereji yameondolewa, pamoja na kila kitu kinachoweza kulitambulisha gari lenyewe. Njia na mazingira yameachwa jinsi yalivyo, kwa sababu bila kuyajua mazingira hayo msomaji hawezi kuelewa kwa nini uamuzi uliofikiwa ulikuwa sahihi kwa gari hili, wala kwa nini huenda usiwe sahihi kwa gari la mtu anayeishi Tanga na kuendesha kwenye lami tupu.

Rejeta iliyokuwemo ilikuwa ya shaba, yenye matangi ya shaba juu na chini, na ilikuwa imelehemiwa mara nyingi na mafundi wa miji mbalimbali. Mmiliki alikuwa na gari la pili la aina hiyohiyo, ambalo miaka michache kabla lilikuwa limefungwa rejeta ya alumini tupu iliyoagizwa kutoka nje. Mambo yaliyolipata gari hilo la pili yalikuja kuwa na uzito mkubwa katika uamuzi huu.

Kilichotokea

Dalili za kwanza zilionekana baada ya masika. Kutoka Arusha hadi Makuyuni gari halikuwa na shida yoyote, kwa kuwa barabara ni ya lami, mwendo ni wa kutosha na upepo unaingia mbele bila kizuizi. Shida ilianzia kwenye mpando wa ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, ambako gari lililojaa abiria, mizigo na maji ya kunywa hupanda kwa gia ndogo na upepo wa mwendo karibu haupo. Sindano ya joto ilipanda, dereva akapunguza mwendo, na gari lilipofika Karatu sindano ilikuwa imerudi mahali pake. Kwa safari kadhaa dereva aliishi na hali hiyo kwa kuongeza maji kila asubuhi.

Siku iliyolazimisha uamuzi, gari lilikuwa likipanda kutoka sakafu ya kreta, yaani bonde la volkano ya Ngorongoro, mpando wa takriban mita 600 kwa wima. Sindano iliingia kwenye nyekundu kabla ya kufika juu. Dereva alifanya mambo mawili yaliyoiokoa injini: alisimama mapema badala ya kujipa moyo kwamba kilele kiko karibu, na hakuugusa mfuniko wa rejeta mpaka mpira wa juu ulipoweza kushikika kwa mkono bila kuunguza. Watalii walihamishiwa gari jingine, na hili likarudi polepole, likisimama mara kwa mara, huku likiongezewa maji ya kisima yaliyopatikana njiani.

Lilipofika gereji, kila mtu alikuwa na jibu lake tayari. Dereva alitaka rejeta nene ya safu nne za mirija, akiamini kwamba unene ndio ubaridi. Fundi mkuu alipendekeza alumini. Mmiliki aliuliza bei ya rejeta ya kopi yenye matangi ya plastiki, ambayo ilikuwa rahisi kuliko zote. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba rejeta ndiyo yenye kosa.

Uchunguzi kabla ya kununua chochote

Gereji ilikubali kuahirisha ununuzi na kuchunguza mfumo mzima kwa mpangilio, ikianza na vitu vya bei ndogo.

Kilichoangaliwa kwanza ni mfuniko wa rejeta. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini kwenye ukingo wa Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu, huchemka karibu na nyuzi 92. Injini yenyewe kwa kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95, hivyo mfuniko ndio unaoleta usalama: kwa kushikilia mgandamizo wa takriban baa 0.9, huinua kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110 hata katika mwinuko huo. Mfuniko wa gari hili ulikuwa na mpira uliokakamaa na ulianza kuachia mapema mno. Kasoro ya namna hiyo inaweza kujificha kwa muda mrefu mjini na kujitokeza mlimani, na hili pekee lilieleza kwa nini maji yalikuwa yakipotea bila kuonekana tone chini ya gari. Mfuniko ulibadilishwa. Maji yaliacha kupotea, lakini sindano iliendelea kupanda kwenye mlima wa majaribio.

Kilichofuata ni themostati, kifaa kinachofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, na ilionekana kwamba haikuwepo. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameitoa, kama inavyofanywa na mafundi wengi kwetu kwa nia njema, wakidhani kwamba maji yasiyozuiwa hupoa zaidi. Katika injini nyingi za Toyota za kizazi hicho, themostati ikifunguka huiziba pia njia fupi ya pembeni inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuonana na upepo hata mara moja. Kuitoa themostati kwa ajili ya kupoza injini kunaweza kuleta matokeo yaliyo kinyume kabisa cha yale yaliyokusudiwa. Ilirudishwa mpya, ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Klachi ya feni, inayoikaza feni joto linapopanda, ilikaguliwa injini ikiwa baridi na ikaonekana kuwa na ukinzani wa kuridhisha. Kava la feni, linaloielekeza hewa ipite kwenye rejeta, lilikuwepo, ingawa lilikuwa na ufa upande mmoja. Gasketi ya silinda hedi, inayoziba moshi wa injini usiingie kwenye maji, ilipimwa kwa kimiminika kinachobadilika rangi kikikutana na gesi ya moshi. Hakikubadilika, na mapovu hayakuonekana kwenye mdomo wa rejeta injini ilipowashwa baridi. Habari hiyo ilikuwa njema kwa wote, kwa sababu kufunga rejeta mpya kwenye injini inayovujisha moshi ndani ya maji ni kutupa fedha.

Hatimaye ikaja zamu ya rejeta yenyewe. Mapezi, yaani vibati vyembamba kati ya mirija, yalikuwa yamejaa tope lililokauka na mbegu za nyasi za Serengeti. Yalioshwa kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ya upepo, kwa kuwa ukiosha kutoka mbele unazisukumia mbegu ndani zaidi. Baada ya hapo injini ilipashwa moto na uso wa rejeta ukapimwa kwa kipimajoto cha kulenga kwa mbali. Ilionekana wazi kwamba karibu theluthi moja ya uso, upande mmoja kuanzia juu hadi chini, ilikuwa baridi kuliko sehemu nyingine, kumaanisha kwamba maji hayakuwa yakipita huko. Fundi rejeta alipolifungua tangi la juu alikuta mirija mingi imezibwa na magamba ya chumvi yaliyochanganyika na uji wa kahawia, mabaki ya dawa ya kuziba matundu iliyomiminwa humo siku zilizopita. Sasa rejeta ilikuwa imethibitishwa kuwa na kosa, na swali la ipi inunuliwe likawa na maana.

Machaguo yaliyowekwa mezani

Kuichokonoa rejeta ya zamani kulikataliwa mapema. Mirija ya shaba iliyokwisha kuliwa na chumvi ni miembamba mno, na mara nyingi magamba ndiyo yanayoziba matundu. Ukiyaondoa, unabaki na rejeta inayopitisha maji vizuri na kuvuja vizuri vilevile. Rejeta ya mtumba kutoka kwenye gari lililochinjwa ilikataliwa kwa sababu hiyohiyo, kwani hakuna anayejua maji gani yaliwahi kupita ndani yake.

Rejeta ya kopi yenye kiini (sehemu ya kati ya mirija na mapezi) cha alumini na matangi ya plastiki ilizungumzwa kwa uzito, na haikustahili kudharauliwa. Magari mengi mapya hutumia muundo huo na hudumu. Lakini tangi la plastiki hukazwa kwenye alumini kwa meno yaliyokunjwa juu ya gasketi ya mpira, na plastiki hiyo hukakamaa kwa miaka ya joto na mtikisiko. Ikipasuka, hailehemiki wala haichomeleki kwa namna ya kuaminika porini. Kwa gari linalolala mbali na mji, ufa mdogo huwa mwisho wa safari.

Alumini tupu ndiyo iliyoleta mabishano, kwa kuwa sifa zake ni za kweli. Hupitisha joto kwa karibu asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, lakini hasara hiyo hufidiwa na muundo: mirija yake hutengenezwa mipana, hugusana na mapezi kwa eneo kubwa, na rejeta nzima ni nyepesi zaidi. Iliyotengenezwa vizuri hupoza sawa na ya shaba au kuizidi. Udhaifu wake uko kwenye maji. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo huyeyuka maji yakiwa na asidi au magadi kupita kiasi. Kaskazini mwa Tanzania, nchi ya volkano, visima na chemchemi nyingi zina magadi. Mtu anayetumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, daima hana sababu ya kuogopa, lakini gari ambalo huongezewa maji ya kisima kila linapopungukiwa humwaga ndani ya alumini kile hasa inachokichukia.

Gari la pili la mmiliki lilikuwa ushahidi wa jambo hilo. Rejeta yake ya alumini ilitoboka vitundu vidogo kama vya sindano, ikachomelewa mjini kwa gesi ya argoni na fundi mwenye ujuzi, kisha ikatoboka pembeni ya pale palipochomelewa. Rejeta hiyo ilikuwa imetengenezwa vizuri. Kilichoiharibu ni maji.

Lililobaki ni kuiwekea rejeta ya zamani kiini kipya cha shaba, matangi na mabano ya asili yakibakia. Bei yake ilikuwa juu ya kopi ya plastiki na chini ya rejeta mpya ya orijino.

Uamuzi na sababu zake

Kilichaguliwa kiini kipya cha shaba cha safu tatu, chenye nafasi ya wastani kati ya mapezi.

Sababu ya kwanza ilikuwa ukarabati. Shaba hulehemiwa kwa risasi na moto mdogo, na fundi anayeweza kazi hiyo anapatikana Karatu, Mto wa Mbu, Wasso na karibu kila mji wenye soko. Kuchomelea alumini kwa argoni kunahitaji mashine, gesi na umeme wa kuaminika. Sababu ya pili ilikuwa maji, kama ilivyoelezwa. Mmiliki aliahidi kutumia kulanti, lakini gereji ilikata shauri kwa kuzingatia siku ambayo ahadi hiyo itashindikana, dereva akiwa na ndoo ya maji ya kambi na abiria wanaosubiri.

Sababu ya safu tatu badala ya nne inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Rejeta hupoza kwa kukutanisha vitu viwili, maji na hewa, na kile kilicho pungufu ndicho kinachoweka kikomo. Gari linapopanda kwa gia ndogo, hewa ndiyo pungufu, kwa sababu inavutwa na feni peke yake; tena kwenye mita 2,300 hewa hiyo ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Safu ya nne hukaa nyuma ya tatu zilizotangulia, ikipokea hewa iliyokwisha kupashwa moto, na wakati huohuo huongeza ukinzani unaoipunguza hewa yote inayopita. Rejeta nene inaweza kuwa na faida kwenye gari lenye feni yenye nguvu na mwendo mkubwa. Kwenye mpando wa kreta faida yake ni ndogo, na katika gari hili ingeisogeza rejeta karibu mno na mapanga ya feni.

Mapezi yaliyosongamana sana yalikataliwa kwa hoja inayofanana na hiyo. Yanapoza vizuri yakiwa safi, lakini hunasa mbegu za nyasi haraka na ni magumu kuosha. Nafasi ya wastani hupoteza uwezo kidogo siku ya kwanza na kuuhifadhi kwa msimu mzima.

Ufungaji na matokeo

Kiini kililehemiwa kwenye matangi ya zamani baada ya matangi hayo kusafishwa, kisha rejeta ikazamishwa kwenye pipa la maji ikiwa imejazwa upepo wenye mgandamizo unaozidi kidogo ule wa mfuniko, ili tundu lolote lijionyeshe kwa mapovu. Injini ilisafishwa ndani mpaka maji yakatoka meupe. Mipira yote miwili ilibadilishwa. Kulanti ilichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezwa kwenye betri. Tahadhari itolewe hapa: muuzaji aulizwe waziwazi kama anachotoa ni maji au asidi, kwa kuwa vyote viwili huitwa maji ya betri madukani.

Gari lilipanda Mto wa Mbu likiwa na mzigo kamili na sindano haikutikisika. Kwenye mpando wa kreta ilisogea kidogo na kurudi. Kwa upande wa joto, tatizo lilikuwa limekwisha.

Baadaye kidogo, katika safari ya Natron kwenye barabara ya mawe, tangi la juu lilipasuka kwenye kona ya bano. Dereva aliona unyevu mapema, akalipeleka gari polepole hadi kwa fundi wa mji mdogo, na ufa ukalehemiwa siku hiyohiyo bila rejeta kupelekwa mbali. Safari iliendelea kesho yake.

Uchambuzi

Jambo lililozaa matunda kuliko yote lilikuwa kukataa kununua kabla ya kupima. Mfuniko mbovu, themostati iliyotolewa na rejeta iliyoziba vilikuwa vikifanya kazi pamoja. Kama rejeta ingenunuliwa siku ya kwanza na kufungwa chini ya mfuniko uleule, gari lingeendelea kupoteza maji mlimani na lawama ingeiangukia rejeta mpya, ya aina yoyote ile. Ninaamini kwamba sifa mbaya za rejeta nyingi zinazozungumzwa mitaani zimezaliwa kwa njia hiyo.

Uchaguzi wa shaba ulithibitishwa na tukio la Natron, lakini tukio hilohilo linaonyesha upungufu wa kazi yenyewe. Ufa wa kona ya bano haukutokana na shaba wala na fundi aliyelehemu. Raba zinazoishikilia rejeta kwenye fremu zilikuwa zile za zamani, zilizokakamaa na kubonyea, kiasi kwamba kila pigo la barabara lilipita moja kwa moja kwenye tangi lililokwisha kuchoka. Kiini kipya kilichojaa maji kiliongeza uzito juu ya bano hilohilo. Raba ni kipuri cha bei ndogo ambacho hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa sababu mazungumzo yote yalikuwa juu ya kupoza, na rejeta ya gari la porini hufa kwa mtikisiko mara nyingi sawa na inavyokufa kwa kuziba. Anayeamua kubakiza matangi ya zamani anapaswa pia kuyakagua mabano yake kwa jicho kali na kuyaongezea nguvu kabla kiini hakijaunganishwa.

Ukaguzi wa klachi ya feni nao haukukamilika. Kuizungusha kwa mkono injini ikiwa baridi huonyesha kama imeharibika kabisa, lakini hakuonyeshi kama inakaza ipasavyo joto linapopanda. Ilipaswa kusikilizwa injini ikiwa moto, pale mvumo wa feni unapobadilika ghafla. Safari hii haikuleta madhara kwa kuwa klachi ilikuwa nzima. Kava lenye ufa liliachwa vilevile, nalo lingeweza kuipunguzia feni hewa ambayo hesabu yote ya safu tatu iliitegemea.

Kuhusu alumini, kisa hiki kisitumike kuihukumu. Gari linalotunzwa na mtu mmoja, linalojazwa kulanti tu na kulala karibu na mji wenye fundi wa argoni, linaweza kuhudumiwa vyema na alumini, tena kwa uzito mdogo. Hapa uamuzi ulielekezwa na maji, barabara na umbali, na kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinaweza kuwa tofauti kwa msomaji.

Baada ya safari ya Natron raba zote zilibadilishwa, kona nne za mabano zikaongezewa vipande vya shaba, na kava la feni likawekwa jipya. Gari la pili liliendelea na rejeta yake ya alumini, iliyobadilishwa baada ya ile ya kwanza kushindikana; mfumo wake ulisafishwa na kujazwa kulanti. Magari yote mawili sasa hubeba dumu la lita 10 la kulanti iliyokwisha kuchanganywa, likiwa limefungwa kando na madumu ya maji ya kunywa na kuandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa kulanti ni sumu na ina ladha tamu.